Nyumba za Safu katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi: Asili, Umbo na Mabadiliko Yake

Utangulizi

Neno "esteti" limezoeleka mno vinywani mwa wakazi wa Nairobi hivi kwamba ni wachache wanaojiuliza lilikotoka. Mtoto wa Jericho, wa Maringo au wa Buruburu akiulizwa anakoishi hutaja esteti yake, naye mwenziwe huelewa papo hapo kuwa ni mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa ramani moja na mwenye mali mmoja, zikafanana kama watoto wa tumbo moja. Katika Kiingereza, lugha ambamo neno hili lilitwaliwa, maana yake ya zamani ni tofauti kidogo: ni milki ya ardhi ya mtu tajiri, aghalabu kabaila. Katika karne ya 18 makabaila waliokuwa na mashamba pembezoni mwa London walitambua kwamba ardhi hiyo ingewaletea faida kubwa zaidi ikijengwa nyumba kuliko ikilishwa ng'ombe. Waliikata vipande vyembamba, wakawakodisha wajenzi kwa muda mrefu, mara nyingi miaka 99, kwa sharti kwamba nyumba zote za mtaa ziwe na sura moja. Muda ulipokwisha, ardhi na nyumba iliyosimama juu yake vilirudi kwa kabaila au kwa wajukuu zake. Bedford Square, uwanja uliozungukwa na nyumba za namna hiyo na kujengwa kati ya 1775 na 1783, uko katika milki ya Watawala wa Bedford, na hadi leo milki hiyo huitwa "esteti".

Neno hilo, pamoja na kanuni za ujenzi zilizoandamana nalo, lilisafiri hadi Afrika Mashariki katika mizigo ya wakoloni. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi nyumba ya safu ilivyofika upande wa mashariki wa Nairobi, umbo ililochukua ilipofika huko, na yale ambayo wakazi wenyewe wameitendea. Mkazo utakuwa juu ya Buruburu, kwa kuwa hapo ndipo nyumba ya safu ya ghorofa ilipojaribiwa kwa ukamilifu zaidi, lakini Buruburu haieleweki pasipo kupitia Pumwani na Kaloleni kwanza.

Nyumba ya safu

Nyumba ya safu ni nyumba inayoshiriki ukuta na jirani yake kila upande, isipokuwa zile mbili za miisho. Ukuta huo wa pamoja ndio siri ya mtindo mzima. Kwanza hupunguza gharama, kwa sababu ukuta mmoja huzihudumia nyumba mbili. Pili, ndio unaobeba mzigo: boriti za sakafu na kenchi za paa hulala kutoka ukuta mmoja wa pamoja hadi mwingine, hivi kwamba ukuta wa mbele na wa nyuma haubebi mengi na unaweza kutobolewa madirisha makubwa. Hasara yake nayo ni dhahiri. Mwanga na hewa haviwezi kuingia ila kwa mbele na nyuma, na kadiri nyumba inavyorefushwa kwenda nyuma ndivyo vyumba vya katikati vinavyozidi kuwa na giza.

Wajenzi wa enzi za wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, yaani tangu 1714 hadi 1830, waliifikisha nyumba hii kileleni. Kiwanja kilikuwa chembamba mbele na kirefu kuelekea nyuma, kwa hiyo familia iliishi kwa kupanda na kushuka ngazi. Jikoni kulikuwa chini ya usawa wa barabara. Chumba cha kulia kilikuwa karibu na mlango, sebule kuu ya wageni ikawa ghorofa ya kwanza, vyumba vya kulala juu yake, na watumishi wakalala chini ya paa. Mtu aliyesimama barabarani aliweza kuyasoma haya yote kwa kutazama madirisha peke yake: ya ghorofa ya kwanza yalikuwa marefu kupita yote, kisha yalipungua kimo kadiri jicho lilivyopanda, hadi yale ya watumishi yaliyokuwa karibu mraba. Nyumba ilitangaza tabaka la kila aliyeishi ndani yake.

Uzuri huo, hata hivyo, haukutokana na ladha pekee. Baada ya moto mkubwa wa 1666 London ilikataza kuta za mbao, na Sheria ya Ujenzi ya 1774 ikazigawa nyumba katika daraja nne kwa kufuata thamani na ukubwa wake, kila daraja likiwekewa unene wake wa kuta. Fremu za madirisha zilitakiwa zifichwe nyuma ya tofali ili moto usirukie kutoka nyumba hadi nyumba. Hata kodi ilichonga sura ya nyumba. Kati ya 1696 na 1851 wenye nyumba walitozwa kulingana na idadi ya madirisha, na wengine waliyaziba baadhi kwa matofali ili kuikwepa.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni Royal Crescent katika mji wa Bath, safu ya nyumba 30 iliyopinda kama mwezi mchanga, iliyosanifiwa na John Wood mdogo na kujengwa kati ya 1767 na 1774. Nguzo 114 zinaupamba uso wake. Ajabu ni kwamba Wood alijenga uso tu. Kila mnunuzi alinunua kipande chake cha ukuta wa mbele, kisha akamwajiri mjenzi wake amjengee nyumba nyuma yake apendavyo. Ndiyo maana mbele ni jumba moja la kifalme, ilhali nyuma ni mkusanyiko wa nyumba za kila kimo na kila umbo. Utii kwa sura ya mbele umeendelea hadi zama za karibu. Katika miaka ya 1970 mkazi mmoja alipopaka mlango wake rangi ya manjano, wakuu wa mji walimwamuru aurudishe rangi nyeupe. Alikata rufaa na akashinda.

Lamu, wakati huohuo

Itakuwa kosa kudhani kwamba Afrika Mashariki ilisubiri Waingereza kuijulisha maisha ya kubanana mjini. Katika karne hiyohiyo ya 18 matajiri wa Lamu walikuwa wakijenga nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zikiwa zimesongamana, nyingine zikiunganishwa kwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nazo zilikuwa na ngazi, ghorofa na mpangilio mkali wa nani aingie wapi. Tofauti ni upande ambao nyumba iligeuzia uso. Jumba la Bath lilitazama barabarani na kujionyesha. La Lamu liliipa barabara ukuta mtupu na daka lenye viti vya mawe kwa wageni wa kawaida. Aliyeruhusiwa kuingia alipita tekani, akatokea kiwandani, yaani uani, penye mwanga, na kutoka hapo vyumba vilifuatana kwenda ndani, msana baada ya msana, hadi chumba cha ndani chenye zidaka zilizochongwa kwa chokaa. Utajiri ulikaa ndani, machoni pa jamaa.

Namna hizi mbili za kuuelekeza uso wa nyumba zitajitokeza tena Buruburu.

Eastlands kabla ya Buruburu

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Tangu mwanzo ardhi yake iligawanywa kwa rangi ya ngozi, na ripoti ya daktari W. J. Simpson ya 1913 ikaupa ubaguzi huo vazi la afya ya umma. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini vyenye udongo mwekundu, miti na maji yanayotiririka. Waafrika walipelekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huu si jambo dogo kwa msanifu. Huvimba unapolowa na kunywea unapokauka, na msingi usioupita kwenda chini hadi penye mwamba au udongo thabiti huinuliwa na kushushwa mwaka hata mwaka, kuta zikapasuka. Kwa maneno mengine, maskini walipewa ardhi iliyo ghali kujengea.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mahali rasmi pa Waafrika. Manispaa ilipima viwanja, na wenyeji, wengi wao Waislamu, wakajijengea nyumba waliyoijua: ile ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma, na baraza mbele. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa mara nyingi za madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa. Nyumba hii ilikuwa na faida ambayo wapangaji wa mji hawakuitambua: kila chumba chake kingeweza kukodishwa peke yake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni, ameonyesha jinsi wanawake wasio na waume walivyotumia nafasi hiyo kujenga na kumiliki nyumba mjini, wakati serikali ilipokuwa ikichukulia kwamba Mwafrika wa mjini ni mwanamume, tena mpita njia.

Dhana hiyo ya mpita njia ndiyo iliyochora nyumba za mwanzo za manispaa na za reli. Mfanyakazi alihesabiwa kwa kitanda. Katika landi za reli huko Muthurwa na katika mabweni ya manispaa, vyumba vilipangwa mstari mmoja, mgongo kwa mgongo, na choo na bomba la maji vikawekwa mwisho wa safu kwa matumizi ya wote. Ni nyumba za safu kweli, lakini zilizonyang'anywa kila kitu isipokuwa ukuta wa pamoja. Hazikuwa na mbele wala nyuma, wala pa kumweka mke na mtoto. Wakati wakazi wa kijiji cha Pangani walipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuhamishiwa mtaa mpya, mtaa huo ulipata jina la Shauri Moyo, jina ambalo wengi hulieleza kuwa jibu la watu walioachiwa uamuzi usiokuwa uamuzi: ukitaka hamia, hutaki basi, ni shauri la moyo wako.

Majina ya mitaa ya Eastlands yangestahili makala yake. Kariokor ni matamshi ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Gorofani inasema wazi kilichowashangaza wapangaji wake wa kwanza. Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952, wa ukoo uleule wa Freretown uliompa msomaji wa Kiswahili kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Kwamba serikali ya kikoloni iliwaita wapangaji wake kwa majina ya watu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari si jambo la bahati nasibu. Jina la mtaa lilikuwa hotuba ya kisiasa iliyobandikwa ukutani.

Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ni hatua ya kwanza ya kumfikiria Mwafrika wa mjini kama mtu mwenye familia. Wapangaji wa mji walikuwa wamesoma mawazo ya Mwingereza Ebenezer Howard, ambaye mwaka 1898 alipendekeza miji-bustani, na wakaichora Kaloleni kwa mfano huo: nyumba ndogo za mawe zenye paa za vigae vyekundu, zikipangwa kuzunguka nyanja za nyasi, na katikati ya yote ukumbi wa jamii. Mpango Mkuu wa Nairobi wa 1948, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, uliigeuza fikra hiyo kuwa kanuni: mtaa uwe kitengo kinachojitosheleza, chenye shule, zahanati, maduka na ukumbi wake. Ukumbi wa Kaloleni ulipata sifa ambayo wachoraji wake hawakuikusudia. Ukawa jukwaa la wanasiasa wa ukombozi, hata wakazi wakauita Bunge.

Mitaa iliyofuata katika miaka ya 1950, yaani Ofafa, Mbotela, Jerusalem, Jericho na kadhalika, ilijengwa kwa haraka zaidi na kwa ubahili zaidi. Bustani zilipungua, safu zikarefuka. Hata hivyo nafasi baina ya nyumba ilibaki kubwa, na katika nafasi hiyo watoto wa makabila yote walikutana kucheza mpira na kufinyanga lugha yao. Wanaisimu wanaotafiti Sheng huanza safari yao katika mitaa hii hasa. Chumba kilipokuwa kidogo mno kwa watu sita, lugha ilizaliwa nje.

Buruburu

Baada ya uhuru swali lilibadilika. Kulikuwa na tabaka jipya la makarani, walimu na maafisa wa serikali waliokuwa na mishahara ya kutosha kulipia nyumba kidogo kidogo, lakini si ya kutosha kununua jumba la Lavington. Kampuni ya mikopo ya nyumba, HFCK, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1965 na serikali ya Kenya kwa ubia na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC. Kwa fedha za njia hiyo Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia mapema miaka ya 1970 hadi mapema miaka ya 1980, ikafikia zaidi ya nyumba 4,000. Usanifu ulifanywa na kampuni ya Mutiso Menezes International. David Mutiso ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuhitimu kuwa msanifu majengo, na jina lake limo pia katika historia ya Jumba la Mikutano la Kenyatta, alilolisanifu pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norwe. Mwenziwe, Braz Menezes, ni Mgoa mzaliwa wa Nairobi. Wasanifu hawa hawakuwa wageni waliokuja kukisia maisha ya Nairobi kwa mbali.

Walichokifanya ni kuikata safu. Badala ya mstari mmoja mrefu kando ya barabara, nyumba za Buruburu zilipangwa katika vikundi, kila kikundi kikizunguka uwanja wenye mlango mmoja wa kuingilia magari. Wakazi huuita uwanja huo "koti", na neno hilo limekuwa anwani: mtu husema yuko awamu fulani, koti fulani. Barabara kuu kama Mumias South na Rabai zilipita pembeni. Ndani ya koti, majirani kumi, ishirini au zaidi walitazamana, mtoto akacheza mbele ya macho ya mama wengi, na mgeni asiyejulikana akaonekana mara tu alipoingia. Nyumba zenyewe zilishikana kuta, nyingi za ghorofa moja juu, sebule na jiko chini, vyumba vya kulala juu, paa la mteremko, na kiua nyuma ambapo nguo zingeanikwa.

Kwa ukuta wake, basi, Buruburu ni mjukuu wa Bath. Kwa uso wake, ni jamaa ya Lamu: inaipa barabara mgongo na kuweka uhai wake ndani. Hakuna ushahidi kwamba wasanifu walikuwa na Lamu akilini, na huenda fikra ya koti ilitoka katika vitabu vya Ulaya. Lakini kufanana kupo, nako kunasaidia kueleza kwa nini wakazi waliupenda mpango huo haraka hivyo. Ua wa pamoja haukuhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyelelewa katika boma, kiambo au nyumba ya Pumwani.

Jambo la busara zaidi katika mpango huo halionekani kwa macho. Wasanifu walijua kwamba mnunuzi kijana angeanza na fedha chache na watoto wachache, kwa hiyo baadhi ya aina za nyumba zilichorwa zikiwa na nafasi ya kukua: ukubwa wa mwanzo ungeongezwa vyumba baadaye, mahali palipokusudiwa, bila kumnyima jirani mwanga. Nyumba ilionekana kuwa kitu kinachoendelea kujengwa. Huo ndio uamuzi uliokuja kupimwa vikali kuliko mwingine wowote.

Nyumba zilizokua kupita ramani

Wakazi waliongeza kweli, lakini si kwa kufuata michoro. Peter Makachia, msanifu majengo aliyetafiti mabadiliko yanayofanywa na wakazi wa Kaloleni na Buruburu, anaonyesha kwamba kuongeza nyumba si ukaidi wa watu wachache. Ni desturi ya mtaa mzima, nayo ina mantiki. Katika Kaloleni na Jericho, ambako nyumba ni za baraza la jiji na tangu 2013 ziko chini ya serikali ya kaunti, mpangaji hawezi kuuza wala kuweka rehani, lakini anaweza kuegemeza chumba cha mabati nyuma ya nyumba na kukikodisha. Kodi ya chumba hicho ndiyo inayolipa karo. Katika Buruburu, ambako mkazi ana hati ya kumiliki, ongezeko ni la mawe: kwanza chumba cha ziada cha mtoto aliyeoa, kisha duka, kisha ghorofa nzima ya wapangaji. Nyumba zilizopakana na barabara kuu zilivunja migongo yao na kuigeuza kuwa mbele. Palipokuwa na ukuta wa nyuma sasa pana kinyozi, duka la dawa na mkahawa.

Hapa Bath imepinduliwa chini juu. Kule, uso ulibaki mmoja na kila mtu akafanya atakavyo nyuma. Eastlands, nyumba ya asili imefichika nyuma au katikati, na kilichotofautiana ni uso. Anayetaka kuiona Buruburu ya mwaka 1975 hana budi kupita ndani ya duka, apite stoo, ndipo akute ngazi ya awali na dirisha lililokuwa likitazama nje likitazama sasa ukuta wa chumba cha mpangaji.

Dirisha hilo ndilo gharama halisi ya mabadiliko. Imeelezwa kwamba nyumba ya safu hupumua kwa pande mbili tu. Kiua cha nyuma kikijengwa, upande mmoja umezibwa, na chumba cha katikati hubaki bila hewa. Jiko la gesi au la makaa katika chumba kama hicho ni hatari, na unyevu ukutani huleta ukungu na kikohozi kisichokwisha. Gharama ya pili iko chini ya ardhi. Msingi wa nyumba ya ghorofa moja, katika udongo mweusi uliotajwa, ulikokotolewa kwa uzito wa nyumba hiyo. Mtu akiongeza ghorofa mbili juu, mzigo mpya haushuki kwake peke yake, bali hupitia ukuta wa pamoja na kumfikia jirani ambaye hakuongeza hata tofali moja. Nyufa huanzia kwa huyo asiye na hatia. Ukuta wa pamoja ulikuwa mkataba tangu siku za London, na sheria ya 1774 ilipopanga unene wake kwa daraja ilikuwa ikiulinda mkataba huo. Kenya nayo ina sheria zake. Sheria ndogo za ujenzi za 1968, zilizorithi mengi kutoka Uingereza, ziliyagawa majengo katika daraja mbili. Upungufu haukuwa wa maandishi. Ulikuwa wa mkaguzi kufika kabla ya zege kumwagwa.

Yanayotokea mkaguzi asipofika yalionekana Huruma mnamo Aprili 2016, wakati jengo la ghorofa sita kando ya mto lilipoporomoka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Jengo hilo halikuwa nyumba ya safu. Lilikuwa la aina iliyokuja kutawala Eastlands tangu miaka ya 1990, yaani gorofa za vyumba vya kukodisha. Aina hii ilimea hasa katika mitaa iliyoanza kwa nia njema sana. Dandora ilianzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 vilivyopewa maji, choo na kianzio cha nyumba, ili mwenye kipato kidogo ajimalizie. Umoja, iliyofadhiliwa na Marekani, ilikusudiwa pia familia moja kwa kila nyumba. Muda si muda viwanja vikauzwa na kununuliwa, kianzio kikavunjwa, na mahali pa familia moja pakasimama ghorofa sita zenye familia moja kwa kila chumba. Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011, ameilinganisha Nairobi hii na Berlin ya karne ya 19, nao ni ulinganisho wa haki.

Ulinganisho mwingine uko Dublin. Nyumba namba 14 ya mtaa wa Henrietta ilijengwa katikati ya karne ya 18 kwa familia moja ya kitajiri. Matajiri walipohama, sebule zake zenye dari za nakshi zilikatwa kwa mbao, na kufikia mwaka 1911 watu 100 walikuwa wakiishi humo. Nyumba ya kabaila iligeuka kuwa landi. Eastlands ilitembea njia hiyo kutoka upande wa pili: ilianza na landi, ikapanda hadi nyumba ya familia, kisha ikaanza kurudi kwenye chumba kimoja. Chanzo ni kimoja kote kuwili, nacho ni kodi. Chumba kikiwa na thamani kubwa kikikodishwa kuliko kikikaliwa, nyumba hugawanyika.

Kinachobomolewa

Mabadiliko makubwa ya sasa hayafanywi na wakazi. Tangu serikali ilipotangaza mpango wa nyumba za bei nafuu mwaka 2017, mitaa mikongwe ya kaunti imetazamwa upya kama ardhi. Hesabu yake si ngumu. Kaloleni ina nyumba chache kwenye ekari nyingi, karibu kabisa na katikati ya jiji. Nyumba za zamani za mtaa wa Pangani zilibomolewa mwaka 2020 kupisha minara, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imeweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, pamoja na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri, ili kugharimia ujenzi zaidi.

Hoja ya kujenga kwenda juu haina pingamizi la maana katika jiji lenye wakazi zaidi ya milioni nne. Swali gumu ni nini kinachohesabiwa kuwa nyumba. Mpangaji wa Jericho anayepewa nafasi katika mnara hupewa vyumba viwili badala ya vyumba viwili, na karatasini hajapoteza kitu. Lakini hakupewa mahali pa kile chumba cha mabati kilicholipa karo, wala uwanja ambapo msiba hukalishwa kwa siku nne na harusi kupigiwa hema. Ikiwa hana mkataba ulioandikwa, kwa sababu upangaji aliurithi kutoka kwa mama yake aliyeurithi kutoka kwa mumewe, huenda asipate hata hivyo vyumba viwili, na wapangaji wake wa mabati hawamo katika orodha yoyote.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kuyalinda majengo yenye thamani ya kihistoria kwa kuyatangaza katika gazeti rasmi la serikali. Nguvu hiyo imetumika zaidi kwa magofu ya pwani na majumba ya wakoloni. Nyumba ya chumba kimoja ya Bahati ni vigumu kuiombea hadhi hiyo, kwa kuwa haina nguzo wala nakshi. Kinachowezekana, na kisichohitaji idhini ya waziri, ni kuipima na kuichora ingali imesimama: upana wa chumba, unene wa ukuta, mahali pa dirisha, mahali ambapo bomba la pamoja lilikuwa, na vyumba vyote vya mabati vilivyoongezwa, pamoja na mwaka ambao kila kimoja kiliongezwa na sababu yake. Dublin ilifanya hivyo kwa namba 14, ikaifungua kuwa makumbusho mwaka 2018, na haikuziondoa alama za vyumba vya maskini ili kurudisha sebule ya kabaila. Mgeni huonyeshwa vyote viwili. Kazi ya namna hiyo Eastlands ingehitaji wanafunzi wawili, utepe wa kupimia, na mzee wa mtaa mwenye kumbukumbu nzuri, na ingefaa ianzie Shauri Moyo na Makongeni, ambazo zimekwisha kutajwa katika orodha ya mitaa ya kujengwa upya.